Mchwa wa Kaunti

Siku ya kumi na tisa tangu mpango uanze, Syombua Kitheka alitoka nje kwenda kukamua mbuzi akakuta mlima unapanda.

Kutoka korongo la chini hadi matuta ya katikati ya Ndauni, mstari mwekundu wenye upana wa barabara ulikuwa ukisogea kuelekea juu, polepole, bila vumbi. Ulikuwa na sauti, kama ndengu zikipepetwa kwenye ungo na wanawake elfu moja wasio na haraka. Mchwa. Kila mmoja alikuwa mdogo kama punje ya ndengu, kaumbwa kwa udongo uliochomwa na waya mwembamba kuliko unywele, na kila mmoja alibeba mdomoni chembe moja ya udongo. Moja tu. Lakini kaunti ilikuwa imemwaga mchwa milioni mia nne, na kuanzia alfajiri hadi jua likizama hawakujua kupumzika ni nini.

Syombua alisimama na kibuyu mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na minane na hajawahi kuona udongo ukienda upande ule. Tangu azaliwe, na tangu mama yake azaliwe, udongo wa Ndauni ulikuwa ni kitu cha kushuka. Kila Novemba mvua iliuosha, mto ukawa mwekundu kama koo la kuku aliyechinjwa, na asubuhi watu wakaamka na mawe mapya shambani. Sasa alitazama tuta la jirani yake Musyimi. Jana lilikuwa mwamba mtupu. Leo lilikuwa na ngozi, nyekundu, laini, ya unene wa kidole.

Hakuita mtu. Alichutama, akaweka kiganja chake njiani, na mchwa wakakipanda na kukishuka kama vile mkono wa binadamu ni kilima kingine tu.

Watu wa Ndauni huhesabu miaka kwa mipango ya serikali. Kulikuwa na ule wa wakoloni, ambapo mabibi zao walichimba matuta kwa lazima, watoto migongoni, askari kasimama na kiboko, huku ng'ombe wakichukuliwa eti wanakula mlima. Hakuna aliyetaja kwamba watu wale walikuwa wakiishi tambarare kabla ya tambarare kupandwa mkonge wa mzungu, na kwamba mlimani walipandishwa kama mbuzi. Ukaja wa miti, ikakauka. Ukaja wa mahindi ya njano kwa kila mita uliyochimba. Ukaja wa nyaya za kufunga mawe makorongoni; nyaya zile zilionekana baadaye zimezungushwa kwenye boma la chifu. Kila mara gari lilikuja na bango, gari likaondoka, bango likabaki, na mtu akaezekea choo.

Kwa hiyo afisa wa ugani alipokuja na mchwa kwenye magunia, walicheka. Kijana huyo, Muthoka, aliomba kitu kimoja tu: udongo wa Ndauni ambao haujawahi kunyeshewa. Syombua alimchimbia chini ya mafiga ya nyumba ya bibi yake, pale ambapo mvua haikuingia miaka themanini. Muthoka akaumwaga kwenye sinia, mchwa wakauonja. Alieleza kwamba kila mlima una ladha yake, ya chuma kiasi fulani, chumvi kiasi fulani, majivu ya mioto ya zamani. Kwamba mchwa akishaionja haisahau, na chembe iliyotoka Ndauni ataitambua hata kama imelala mtoni miaka mia. Ataichukua. Atairudisha.

Walicheka hiyo pia. Sasa hakuna aliyekuwa akicheka.

*

Katungwa alipanda mlima saa nne, akihema, na mche wa nyanya mkononi.

Alikuwa mwanamke wa rika la Syombua, mkulima wa Mkongeni, ile tambarare iliyo chini kando ya mto. Mkonge ulipokufa na kampuni yake ikatoroka, familia thelathini na moja zisizokuwa na pa kwenda ziliingia pale na kulima. Walikuta pazuri. Juu ya ardhi iliyokwisha nguvu mto ulikuwa umetandaza tope jekundu, futi nne kwenda chini.

"Umeniletea mboga, Katungwa?" Syombua alisema.

"Nimekurudishia mlima wako. Mliusahau kwangu."

Akaulaza mche mapajani mwa Syombua. Ulikuwa mzima, majani mabichi, nyanya tatu zinaanza kuiva. Lakini mizizi ilikuwa mitupu. Yote, hadi nyuzi za mwisho zinazofanana na manyoya ya kifaranga, ilining'inia myeupe, safi, haina chembe ya udongo, na hakuna hata uzi mmoja uliokatika. Mkono wa mtu hauwezi kazi ile. Syombua aliugeuza mche kwenye mwanga, na kwa muda hakuweza kuona ubaya wake, aliona ufundi tu.

"Mistari sita hivi ya nyanya," Katungwa alisema. "Wamekuja alfajiri. Tulipoamka, nyanya zimelala juu ya mawe kama watu waliovuliwa nguo. Mchwa hawakung'ata mtu. Walitupita tu. Walikuwa na adabu kuliko nyinyi."

"Sikujua wamefika kwenu."

"Na sasa umejua, dada, utafanya nini?"

Kabla Syombua hajajibu, pikipiki ya Muthoka ilinguruma kwenye kona. Aliposhuka alimwamkia Syombua kwanza, "Mwaitu," kama kijana anavyomwita mama yake, kisha akamwona Katungwa na ule mche, akaanza kuangalia viatu vyake.

Ile ya Mkongeni ilikuwa jaribio, alisema. Awamu ya kwanza ilikuwa makorongo, makorongo yamekwisha. Awamu ya pili ni tambarare yote. Mvua zilikuwa zimebakiza siku nane, na mchwa hawafanyi kazi kwenye mvua, hujizika na kulala. Mkulima asipoidhinisha kabla ya saa kumi jioni leo, mchwa watakusanywa na kupelekwa kaunti nyingine iliyo kwenye foleni.

"Mkulima gani?" Katungwa akauliza.

Muthoka alimwelekezea Syombua kidevu.

Hapo ndipo kosa lao lilipowarudia. Siku ya kujiandikisha, fomu iliuliza: mkulima ni nani, na mpaka wa shamba lake ni upi. Ndauni hakuna anayechimba tuta peke yake. Kuna mwethya: leo watu wote wako kwangu na majembe, kesho tuko kwako, na ukiwa umeinama hapo huulizi ni la nani. Basi familia mia moja na kumi na mbili ziliangaliana, zikasema sisi ni mwethya, andika mwethya. Fomu haikuwa na nafasi ya neno hilo. Wakaandika mlima mzima kuwa shamba moja, la mkulima mmoja, wakamwekesha Syombua kidole kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika daftari. Walifurahi kwamba wamekwepa foleni. Kumbe walikuwa wamefunga vinywa mia moja na kumi na kimoja, wakaacha kidole gumba kimoja kiwasemee wote.

"Weka kidole," sauti ilisema nyuma yao. Ilikuwa ya Musyimi. Alikuwa ametoka kwenye tuta lake, amejaa udongo hadi magotini, na alikuwa analia bila kujificha, mzee wa miaka sitini na sita. "Weka, Syombua. Nimeushika. Ni ule ule. Baba yangu alikufa akiutafuta."

"Na huyu?" Syombua alimwonyesha Katungwa.

"Huyu alikaa juu ya mali yetu miaka arobaini, akala, akanona. Simchukii. Lakini nani alituuliza sisi ulipokuwa ukishuka?"

"Mimi sikuuita," Katungwa alisema. "Nilikuja nikaukuta. Kama wewe ulivyoukuta mlima, Musyimi, babu yako alipofukuzwa kule kule kwangu. Au hilo mmelisahau?"

Musyimi hakuwa amelisahau. Hakuna mtu Ndauni aliyekuwa amelisahau. Aligeuka akarudi kwenye tuta lake.

"Watalipwa fidia," Muthoka alisema kwa sauti ndogo. "Imewekwa kwenye bajeti ya mwaka ujao."

Wanawake wawili walimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile walikuwa upande mmoja.

*

Syombua alishuka Mkongeni pamoja na Katungwa, na Muthoka akawafuata akisukuma pikipiki iliyozimwa, kwa sababu njiani walijaa mchwa na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwakanyaga.

Pale penye ile mistari sita, ardhi ilikuwa imeondolewa kama ubao uliofutwa. Chini palikuwa na mawe ya kijivu na visiki vya mkonge, vikavu, vyeusi, bado vimejipanga safu kwa safu kama siku mkonge ulipopandwa. Lakini macho ya Syombua yalivutwa na ukuta wa upande, pale mchwa walipoishia kuchota. Ulikuwa umekatwa wima, mnyoofu, na ulionyesha matabaka, moja juu ya jingine kama chapati zilizopangwa kwenye sahani.

Alipiga magoti akaanza kuyasoma. Hakuwa amefika mbali shuleni. Lakini haya alikuwa amehadithiwa na bibi yake tangu akiwa tumboni.

Tabaka jembamba la chini kabisa lilikuwa na makaa: mwaka msitu wa juu ulipochomwa kutengeneza nafasi ya watu waliofukuzwa. Juu yake, nene, la mchanganyiko wa kokoto, matuta ya lazima yaliyopasuka kwa mvua ya kwanza kwa sababu yalichimbwa na watu wenye njaa. Palikuwa na mstari mweusi wa tope laini, gharika ile iliyochukua kanisa. Palikuwa na uzi wa waya ulioshika kutu. Na karibu na juu, wekundu safi wa utoto wake mwenyewe, ambao aliukimbilia kwa mikono akiwa na miaka saba, akijaribu kuuzuia mlangoni, mama yake akimwambia acha, huwezi.

Mlima wote ulikuwa pale, umelala chali, na miaka yake yote. Na juu ya miaka yote ile kulikuwa na nyanya, sukuma, vitunguu, mtoto wa mtu anafukuza ndege, na nguo zimeanikwa.

"Ni mzuri, sivyo," Katungwa alisema. Hakuwa anauliza. "Nilipokuja nilimzika mume wangu humu. Yuko pale kwenye mipapai. Sijui hao wadudu wako watamfanyaje. Watamwonja, waone si wa Ndauni, wamwache juu ya mawe?"

Syombua alirudisha macho kwenye ukuta. Kama angeweka kidole, angempa Musyimi baba yake. Angejaza matuta ya familia mia moja na kumi na mbili zilizokula njaa kwa zamu maisha yao yote. Haki yao ilikuwa imeandikwa kwenye ukuta ule, futi nne kwenda chini, hakuna hakimu angeikana. Na ingechukuliwa kutoka kwa maskini wengine, ili mwenye mkonge aliyeanzisha yote asisumbuliwe kaburini kwake huko kwao. Hivi ndivyo wakubwa wa serikali walivyozoea kuwafanya: wanamwaga sahani moja katikati ya wenye njaa wawili, kisha wanauliza kwa nini watu hawa hawapatani.

Alifikiri mpaka hasira ikamletea swali.

"Muthoka, mwanangu. Mlima ule ni mkubwa. Miaka mia na zaidi unashuka. Udongo wote ndio huu hapa?"

Kijana alifungua kishikwambi, akakifunga, akakifungua tena. "Hapana, mwaitu. Mchwa wameyaonja maji kivukoni. Hapa pana fungu moja kati ya kumi. Mengine tisa yalipita."

"Yakaenda wapi?"

Akamwonyesha ramani. Mto ulijinyonga kuelekea mashariki, ukafika kwenye mstari mweusi uliokuwa mpaka wa kaunti, na hapo ramani ya mpango ikakatika. Muthoka alitelezesha kidole. Ng'ambo ya mstari, kilomita sabini na mbili, paliwaka doa jekundu lenye ukubwa wa mji. Bwawa la umeme.

"Limejaa nusu," alisema. "Umeme unapungua kila mwaka kwa sababu ya tope lenu. Wanalichota na kuyauzia mashamba ya maua."

"Wanauza."

"Ndiyo, mwaitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na mimi niliambiwa nisiulizwe."

Katungwa alicheka, kicheko kifupi kibaya. Syombua aliuchukua ule ubao wa kioo mikononi mwa kijana. "Nisomee. Pale ninapoweka kidole panasemaje? Maneno yenyewe, usinieleze."

Muthoka alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua. "Mkulima ataonyesha mahali udongo uliopotea shambani mwake ulipo, na kuidhinisha urejeshwe." Akameza mate. "Iliandikwa kwa ajili ya vijito tu. Mtu aoneshe kijito chake. Hakuna aliyefikiria."

"Mchwa wanaujua mpaka wa kaunti?"

"Wanajua ladha tu."

"Na wakishatumwa, nani anaweza kuwaita?"

"Kidole kilichowatuma. Lakini sikiliza, mwaitu. Watatumia siku hizi nane kushuka tu. Mvua watalala huko huko. Msimu huu hamtapata chembe. Makao makuu wakijua watasimamisha ruzuku yote: mbegu, mipira ya maji, mgao wa chakula wa kiangazi. Mimi watanifukuza. Na kuujaza mlima kutoka huko, chembe moja moja," akatafuta hesabu, akaipata, "ni miaka ishirini na sita."

Ilikuwa saa tisa na robo. Syombua aliinua macho. Kutoka pale aliona watu wa mwethya wake kwenye matuta, wadogo, wameinama, wanasawazisha udongo mpya kwa mikono, na hata kwa umbali ule ilionekana kwamba wanafurahi. Muda wa kupanda na kuwauliza ulikuwepo, wa kutosha kabisa. Hakupanda, kwa sababu alijua wangemjibu nini, na alijua kwamba wangekuwa na haki.

Aliweka kidole juu ya doa jekundu ng'ambo ya mstari, akakibonyeza, akakishikilia hapo mpaka kioo kikapata joto.

*

Sauti ya kupepeta ilikoma.

Katika maisha yake Syombua hakuwahi kusikia kimya kama kile. Mlima mzima ulinyamaza. Mchwa milioni mia nne walisimama mahali walipokuwa, wengine na mguu hewani. Kisha wakatua chini walichobeba, kila mmoja pale pale alipo, bila kutupa. Wakageuka.

Waliteremka kwa pamoja, wepesi, midomo mitupu, na mstari ule mwekundu ukageuka wa kijivu. Walifika Mkongeni. Katungwa alimshika Syombua mkono bila kujua kwamba amemshika. Mchwa waliingia kati ya nyanya, wakagawanyika kwenye kila shina kama maji yanavyogawanyika kwenye nguzo, wakaungana mbele. Walipita chini ya nguo zilizoanikwa. Walipita kwenye mipapai, na ardhi ya pale haikupungua. Ilichukua muda wa kupika githeri kwa mstari ule kupita, na mkia wake ulipoishia ng'ambo ya kivuko, jua lilikuwa mgongoni na kivuli cha mlima kimewafikia miguuni.

Juu, watu walikuwa wamesimama.

Asubuhi yake ilikuwa zamu ya mwethya kwa mjane mmoja wa upande wa kaskazini. Mwethya haumtukani mtu wala haumpigi. Mtu aliyewakosea wenzake hugawiwa kipande cha mawe, na haambiwi neno hadi wote waridhike. Syombua alifika na jembe. Wakamwachia kipande cha mawe. Alikichimba. Kesho yake pia, na wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Mvua zilikuja, zikaenda. Ruzuku ilisimamishwa, kama ilivyosemwa. Kunde zilizopandwa kwenye kile kidole kimoja cha udongo zilizaa kidogo, na mwezi wa pili watu walianza kula mara moja kwa siku. Mara mbili gari la kaunti lilikuja, bila Muthoka, na mtu wa tai akamwekea Syombua kioo mbele: awaite mchwa warudi, mbegu na chakula vitashushwa leo leo, magunia yale pale nyuma ya gari, tazama. Aliyatazama. Watoto wa Ndauni waliyatazama pia, wamesimama kimya kando ya barabara, na hilo ndilo lililokaribia kumvunja. Mara zote mbili aliikunja mikono yake kwapani, akaingia ndani, akakaa chini.

Katungwa alipandisha mboga kila Jumamosi. Hakuzigawa kwa Syombua. Alizigawa kwa wengine, nyumba kwa nyumba, na hakusema ni za nini.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, asubuhi, Syombua akiwa kwenye mawe yake, aliposikia akiitwa kwa jina. Aliacha jembe. Sauti hiyo alikuwa hajaisikia ikimwelekea yeye kwa miezi mitano.

Musyimi alikuwa amelala kifudifudi kwenye tuta lake, shavu chini, kama mtu anayesikiliza. Alimwashiria alale pia. Mbele ya pua zao palikuwa na mchwa mmoja. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika, rangi imebabuka. Alikuwa ameweka chini chembe moja, nyeusi na si nyekundu, ya tope lililokaa kwenye maji vizazi vitatu, na alikuwa akiigongagonga kwa kichwa, kwa upole, iingie mahali pake. Alipomaliza aligeuka akaanza kushuka. Kule alikoshuka, mbali, ng'ambo ya mto, hadi pale macho yanapochoka, nchi ilikuwa na mshipa mweusi uliokuwa ukisogea.

Musyimi alilowesha ncha ya kidole, akaiokota ile chembe, akaileta puani mwake. Kisha akaileta puani mwa Syombua.

"Nusa," alisema.

Syombua alinusa. Udongo wa Ndauni ulikuwa unanuka samaki.

"Umetembea huu," Musyimi alisema, na akairudisha chembe kwenye shimo lake, akaifunika.